Mafiga Matatu ya Uhai: Moyo, Mishipa na Damu Visitibiwe Mbalimbali

Katika vijiji vya Ushetu, kama ilivyo katika sehemu nyingi za Shinyanga na Geita, ubora wa zahanati hupimwa na watu wengi kwa jambo moja: dripu. Mgonjwa anayefikishwa kwa pikipiki akiwa amelegea hutarajia kutundikiwa chupa ya maji, na ndugu waliomleta hawatulii mpaka waione ikidondoka. Akirudishwa nyumbani na vidonge tu, husemwa njiani kwamba hakuhudumiwa. Imani hiyo haikuzuka bure. Maji ya mshipani yameokoa maisha ya watu wengi waliokaushwa na kipindupindu au kuhara, na waliowaona wakiinuka hawawezi kusahau. Hata hivyo, nyuma ya imani hiyo limejificha wazo lisilo sahihi: kwamba mwili ni mtungi, ukipungua hujazwa.

Mwili si mtungi. Wahenga walisema figa moja haliinjiki chungu, na uhai wa mwanadamu umeinjikwa juu ya mafiga matatu: moyo unaosukuma, mishipa inayopitisha, na damu inayobeba. Figa moja likilegea, mengine mawili hubeba mzigo wake kwa muda, kisha chungu huinama. Makala haya yanadai kwamba kosa kubwa katika utunzaji wa wagonjwa wa moyo, wa presha na wa upungufu wa damu ni kuyatazama mafiga hayo moja moja, kila moja katika daftari lake na siku yake ya kliniki, ilhali mgonjwa ni mmoja na mzunguko wake ni mmoja.

Namna watatu hao wanavyofanya kazi

Moyo wa mtu mzima ni mkubwa kiasi cha ngumi yake. Upande wake wa kulia hupokea damu iliyorejea kutoka mwilini na kuisukuma mapafuni. Upande wa kushoto hupokea damu iliyochukua oksijeni mapafuni na kuisukuma mwili mzima. Kila pigo hutoa takriban mililita 70, na kwa mapigo 70 kwa dakika hupatikana karibu lita 5. Damu yote ya mtu mzima nayo ni kama lita 5. Maana yake ni kwamba mtu akiwa amekaa kivulini bila kufanya kazi yoyote, damu yake yote hupita moyoni mara moja kila dakika. Kwa siku moja moyo hupiga mara 100,000 hivi.

Ujuzi huu haukupatikana kwa siku moja. Katika karne ya 13 tabibu Ibn al-Nafis, mzaliwa wa Dameski, aliandika kwamba damu hutoka upande wa kulia wa moyo kwenda upande wa kushoto kwa kupitia mapafu. Mwaka 1628 Mwingereza William Harvey alitumia hesabu: alionyesha kwamba kiasi cha damu kinachosukumwa na moyo kwa muda mfupi ni kikubwa mno kuweza kutengenezwa upya kutokana na chakula, hivyo ni lazima damu ileile iwe inazunguka. Mwaka 1661 Marcello Malpighi aliona kwa hadubini, katika mapafu ya chura, vimishipa vyembamba kuliko unywele vinavyounganisha njia ya kwenda na njia ya kurudi. Ndivyo duara lilivyofungwa.

Mishipa nayo si mabomba yaliyolala tu. Ateri ndogo zina misuli inayobana na kulegea ili kuamua damu ipelekwe wapi: tumboni baada ya mlo, miguuni wakati wa kulima. Nguvu ya kubana kwake ni kubwa kuliko inavyodhaniwa. Kimishipa kikipungua kipenyo hadi nusu, ukinzani wake kwa damu huongezeka mara 16. Shinikizo linalopimwa mkononi ni zao la mambo mawili kwa pamoja: kiasi cha damu ambacho moyo unasukuma na ukinzani wa mishipa. Kwa hiyo presha kupanda si dalili kwamba damu imekuwa nyingi, na kizunguzungu kinachoitwa mitaani "presha ya kushuka" mara nyingi si presha hata kidogo, bali ni damu iliyopungua. Anayejipa tiba ya maji ya chumvi kwa kizunguzungu bila kupimwa anaweza kuwa anaichochea presha iliyopanda kwa siri.

Funzo la dripu

Hatari ya kulitazama figa moja ilidhihirika hapahapa Afrika Mashariki. Utafiti uliojulikana kwa jina la FEAST ulifanyika katika hospitali za Kenya, Uganda na Tanzania, ikiwemo Hospitali Teule ya Muheza, na kuchapishwa mwaka 2011. Uliwahusisha watoto zaidi ya 3,000 wenye homa kali na dalili kwamba damu haizunguki vyema: mikono na miguu baridi, mapigo dhaifu, rangi kuchelewa kurudi ukucha unapobonyezwa. Wengi wao walikuwa na malaria, na karibu theluthi moja walikuwa na upungufu mkubwa sana wa damu. Wote walipata dawa, na waliohitaji damu waliongezewa. Tofauti ilikuwa moja: baadhi walipewa maji mengi ya mshipani kwa haraka, wengine hawakupewa.

Ilitarajiwa kwamba maji yangeokoa. Katika saa 48 za kwanza walifariki asilimia 7.3 ya watoto ambao hawakupewa maji ya haraka, na zaidi ya asilimia 10 ya waliopewa. Utafiti ulisimamishwa kabla ya muda wake. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2013 ulionyesha kwamba vifo vya ziada vilitokana zaidi na kushindwa kwa moyo na mzunguko kuliko maji kujaa mapafuni. Mtoto mwenye damu haba huendesha moyo wake mbio ili uhaba huo ufidiwe, na mishipa yake hubana kwa mpangilio ili ubongo usikose. Maji mengi ya ghafla huizimua damu iliyokuwa nyepesi tayari na kuuvuruga mpangilio ambao mwili ulikuwa umeujenga kwa taabu.

Funzo hilo lina mipaka yake. Watoto wenye kuhara na waliokaushwa na maji hawakuwamo katika utafiti huo. Hao wanahitaji maji, ya mdomoni au ya mshipani, kwa vipimo vilivyowekwa. Hitimisho lake si kwamba dripu ni sumu, bali ni kwamba dripu ni dawa, na dawa haitolewi kwa sababu ndugu wa mgonjwa wanaitazama chupa. Kabla ya kuitundika, mhudumu anapaswa kujua ni figa lipi limelegea.

Figa la damu

Ushetu ina wezi wengi wa damu. Malaria hupasua chembe nyekundu. Minyoo ya safura hunyonya damu kimyakimya utumboni, na jina la safura lenyewe limekuwa katika Kiswahili jina la mtu aliyepauka. Kichocho cha mkojo humtoa mtoto damu kidogo kidogo, na kuna vijiji ambamo mkojo mwekundu wa mvulana huchukuliwa kuwa sehemu ya kukua. Uzazi wa karibukaribu huwamaliza akina mama akiba ya madini ya chuma.

Juu ya hayo kuna sikoseli. Utafiti uliochapishwa mwaka 2020 katika jarida la Shirika la Afya Duniani ulipima sampuli za watoto zaidi ya 17,000 wa mikoa ya kaskazini magharibi mwa Tanzania. Takriban mtoto mmoja kati ya watano alikuwa amerithi kinasaba kimoja cha sikoseli bila kuumwa, na asilimia 1.2 walikuwa na ugonjwa wenyewe. Hapa mafiga yote matatu huguswa kwa mpigo. Chembe zilizojikunja kama mundu huishi siku 10 hadi 20 badala ya 120, hivyo damu hupungua. Huziba vimishipa, hivyo mifupa huuma na ubongo huweza kupata kiharusi. Na moyo, ukilazimika kufidia miaka yote, hupanuka. Mtoto wa namna hiyo akitibiwa "malaria sugu" kila mwezi bila kupimwa sikoseli, hospitali imemwona mara kumi na haijamwona hata mara moja.

Hesabu ya hemoglobini inaeleza kwa nini moyo huteseka damu inapopungua. Gramu moja ya hemoglobini hubeba takriban mililita 1.34 za oksijeni. Mtu mwenye gramu 15 kwa desilita hubeba karibu mililita 20 za oksijeni katika kila mililita 100 za damu. Mwenye gramu 5 hubeba chini ya 7. Ili mwili upate kiasi kilekile, moyo hauna budi kusukuma zaidi na tishu kujikamulia zaidi kutoka katika kila tone. Ndiyo maana mtu aliyepauka huhema akipanda kilima na moyo wake husikika ukidunda hata akiwa amelala. Kuongeza damu kwa matembele, dagaa, maharage na vidonge vya madini ya chuma ni jambo jema, lakini rozela pekee haitamponya mwenye safura ambaye minyoo yake bado inakunywa.

Figa la mishipa

Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2012 ulikuta takriban mtu mmoja kati ya wanne wa umri wa miaka 25 hadi 64 nchini akiwa na shinikizo la juu la damu. Ugonjwa huu haupigi hodi. Mkulima huvuna, hupakia, hubeba, huku presha yake ikiwa 170 kwa 100, mpaka siku mkono mmoja unapokataa kushika jembe.

Ushetu ni nchi ya tumbaku, na jambo hilo halifai kupitwa kimya. Nikotini hubana mishipa na kuharakisha moyo, na haihitaji kuvutwa ili iingie mwilini: anayechuma majani yaliyolowa umande hufyonza nikotini kwa ngozi, na kichefuchefu, kutapika na kizunguzungu cha msimu wa kuchuma mara nyingi ndiyo dalili yake. Watoto wanaosaidia wazazi wao shambani na kwenye mabani hawastahimili kiasi wanachostahimili wakubwa. Mhudumu anayempokea mtu wa aina hiyo akamwandikia dawa ya malaria bila kumuuliza alikuwa akifanya kazi gani asubuhi, ameipoteza habari iliyokuwa mlangoni. Glovu, nguo za mikono mirefu na kusubiri umande ukauke ni kinga isiyo na gharama kubwa.

Presha huunganisha mafiga kwa njia nyingine ambayo wagonjwa wengi hawajaelezwa. Shinikizo la muda mrefu huharibu figo. Figo ndizo zinazotoa homoni inayoamuru uboho wa mifupa utengeneze chembe nyekundu. Figo zikichakaa, damu hupungua. Damu ikipungua, moyo ambao tayari unasukuma dhidi ya mishipa migumu huongezewa mzigo wa pili. Mgonjwa aliyeacha vidonge kwa kusema "presha imeshuka, nimepona" hajui kwamba presha ilishuka kwa sababu ya vidonge hivyo. Lawama si yake peke yake. Mara nyingi aliambiwa ameze dawa, hakuambiwa dawa inalinda nini.

Figa la moyo

Mtoto mwenye koo linalouma kwa vijidudu vya streptokoka, asipopata penisilini, anaweza baada ya wiki chache kupata homa ya baridi yabisi: viungo vinavimba, kimoja baada ya kingine, na vali za moyo zinachubuka. Maumivu ya viungo huisha, kovu la vali hubaki. Miaka hupita. Msichana huyo huolewa na kupata mimba, na katika ujauzito wingi wa damu huongezeka kwa karibu nusu. Vali iliyobana haiwezi kupitisha mzigo huo. Anahema usiku, anashindwa kulala chali, anakohoa. Akihesabiwa kuwa ana nimonia, au kuwa amepungukiwa damu tu na kutundikiwa dripu, maji hayo huenda moja kwa moja kumzamisha kutoka ndani. Sikio lililowekwa kifuani kwake katika hudhurio la kwanza la kliniki lingeweza kubadili habari yote. Aliyegunduliwa mapema huwekewa sindano ya penisilini kila wiki 3 hadi 4 ili vali isiharibike zaidi, na hupelekwa Bugando au katika Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete kabla ya kushika mimba, si baada ya kuzirai.

Damu iliyojaa lakini tupu

Ukanda wa dhahabu una somo lake. Wachimbaji wadogo wanaposhusha pampu ya petroli ndani ya duara ili kutoa maji, moshi wake hubeba kaboni monoksidi, gesi isiyo na harufu wala rangi. Hemoglobini huishika gesi hiyo kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko inavyoishika oksijeni. Mwanaapolo anayepandishwa akiwa hajitambui ana moyo imara, mishipa mizuri na damu tele. Lakini damu hiyo imebeba mzigo usio wake. Kifaa cha kubana kidoleni kinaweza kuonyesha asilimia 98, kwa kuwa hakiwezi kutofautisha gesi hiyo na oksijeni. Tiba ni kumtoa penye hewa safi na kumpa oksijeni nyingi mara moja, bila kuidanganyikia namba. Na aliye juu asishuke kumfuata mwenzake kabla ya hewa kubadilishwa, kwani duara moja limewahi kumeza mwokoaji pamoja na aliyekuwa akiokolewa.

Linalowezekana leo

Watasema wahudumu, na hawatakosea, kwamba zahanati ina watu wachache, foleni ni ndefu, betri ya kipima presha imeisha, na vitabu vya MTUHA vyenyewe hula nusu ya siku. Hoja hiyo ni ya kweli, lakini haifungi mlango. Kuhesabu mapigo ya mshipa kwa dakika moja hakuhitaji betri. Kutazama viganja na ngozi ya ndani ya kope hakuhitaji maabara. Kinachopendekezwa ni kwamba kila mgonjwa, kwa ugonjwa wowote uliomleta, aandikiwe mstari mmoja wenye mambo matatu: mapigo, shinikizo, na hali ya damu kwa kipimo au kwa macho. Thamani ya mstari huo ni kwamba namba zake husomana.

Mfano wake ni mama anayetokwa na damu baada ya kujifungua. Presha yake inaweza kubaki nzuri kwa muda kwa sababu mishipa imebana kumlinda, na anayetazama presha pekee hutulia. Lakini mapigo yakiwa 120 na shinikizo la juu likiwa 100, yaani mapigo yamelipita shinikizo, mwili unapiga kelele. Hapo maji ya mshipani ni daraja la kumvusha kuelekea kwenye damu, dawa ya kukaza kizazi haisubiri, na gari la rufaa huitwa sasa hivi. Mfumo wa usafiri wa dharura wa m-mama, uliokuzwa Shinyanga kabla ya kuenezwa nchini, ulijengwa kwa ajili ya saa kama hiyo. Hauna faida ikiwa hakuna aliyeisoma hatari mapema.

Halmashauri nazo zina sehemu yao. Mgonjwa wa presha wa Ulowa asilazimike kwenda Kahama kila mwezi kufuata vidonge vya bei ndogo. Nauli humshinda kabla ya ugonjwa. Dawa za msingi za presha, sindano ya penisilini ya muda mrefu na kipimo cha sikoseli kwa watoto wachanga vinastahili kuhesabiwa pamoja na dawa ya malaria, si baada yake. Na benki ya damu haiwezi kuendelea kuwategemea sana wanafunzi, kisha kukauka shule zinapofungwa. Mwanamume mwenye afya anaweza kuchangia kila baada ya miezi 3, na mwanamke kila baada ya miezi 4. Baada ya mauzo ya mazao, wakati watu wana chakula na nafasi, vyama vya ushirika vingeweza kuita wachangiaji kama vinavyoita mkutano wa wakulima.

Mgonjwa naye ana haki asiyoitumia: haki ya kuuliza. Anayepimwa presha aulize ni ngapi, aiandike katika kadi yake. Anayeambiwa ana damu kidogo aulize inakwenda wapi. Anayetundikiwa dripu aulize ni ya nini, na mhudumu asione kwamba amevunjiwa heshima. Mzee wa Nyamilangano aliyeinjika chungu maisha yake yote hahitaji kufundishwa kwamba figa moja likitikisika hutazamwi lenyewe tu. Hutazamwa na chungu, na moto, na mafiga mawenza. Akielezwa kwamba kifua chake kimejengwa vivyo hivyo, ataelewa, na vidonge vyake havitakaa kabatini.